Mwalimu Aliyeandika Majina kwa Namba

Niseme kweli kwanza, mengine yafuate: yule mtu nilimwogopa. Alikaa chumba cha nyuma katika kiwanja changu hapa Kimisagara miaka sita, na karibu yote nililala uso wangu nimeuelekeza mlango wake. Hakuwahi kunitukana. Hakunywa, hakuleta wanawake, hakufungulia redio. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kuogopwa. Mlevi unajua atakalofanya.

Mtaa wote ulimwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikotoka sikumwuliza. Watu wa rika letu katika mji huu hatuulizani hivyo.

Alikuwa mwembamba, shati lake limepigwa pasi ya makaa na kufungwa vifungo hadi shingoni, jua liwake lisiwake. Asubuhi alikwenda Muhima, kwenye kibanda wanakochapa barua za watu: maombi ya kazi, maombi ya kiwanja, malalamiko. Mchana alifundisha watoto kompyuta katika kituo cha vijana huku bondeni. Mkoba wake aliukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kichanga. Ukimwamkia, anasimama kabisa ndipo aitike. Sukari alitia vijiko vinne, na chai yenyewe akaiacha nusu. Panya akiingia chumbani kwake hakumpiga; alifungua mlango, akasimama pembeni, akamsubiri atoke kwa hiari yake. Nilimwambia, "Mwalimu, huyo ataingia kwangu." Akasema, "Pole, Mama Hadija," na kesho yake akafanya vile vile.

Mimi huitwa Mama Hadija. Hadija alikuwa binti yangu.

Kilichoanza kunitia hofu ni midomo yake. Alikuwa akipita mbele ya duka la kona anatazama maandishi ya ukutani, midomo inacheza bila sauti. Nikadhani anasoma dua. Siku moja nikajifanya nachagua vitunguu, nikasogea, nikasikia: "Themanini na tatu. Sitini na tano. Sitini na sita."

"Mwalimu, unahesabu nini?"

"Ninasoma, Mama Hadija. Hapa iko neno sabuni."

"Unasoma namba ukutani ambako namba hakuna?"

"Iko." Kiswahili chake kilikuwa cha mji huu, kila kitu kwake kilikuwa 'iko'. "Mashine haijui kusoma, mama. Inajua kuhesabu tu. Sasa kila herufi ikapewa namba yake, kama wagonjwa kwenye foleni. A kubwa iko sitini na tano. B iko sitini na sita. Unaipa mashine herufi, inaweka namba. Unaipa namba, inakuonyesha herufi."

"Nani aliyezipa hizo namba?"

"Watu walikaa, wakakubaliana."

"Watu gani?"

"Wa mbali."

Jibu hilo sikulipenda. Nikaacha vitunguu.

Mtu asidhani alikuwa mkali. Alikuwa na mizaha, ila mizaha yake ilikuwa ya baridi, inakuingia taratibu. Aliniambia kwamba A kubwa ina namba ndogo na a ndogo ina namba kubwa, na kati yao ni thelathini na mbili, siku zote, haizidi haipungui. Nikamjibu, "Ndiyo maana watoto wa siku hizi hawana adabu, mdogo mmempa namba kubwa." Akacheka hadi akakohoa. Siku nyingine akaniambia hata tano si tano: ile alama ya tano unayoiandika, kwa mashine iko hamsini na tatu. Hapo nikakataa. Mimi ni fundi cherehani, namba ndizo zilizonilisha. Nikamwambia, "Wewe ukinipimia tano ikawa hamsini na tatu, sketi ya mtu itaburuta mpaka Nyabugogo." Akacheka tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiri: mtu ambaye kwake tano si tano, kwake mtu ni nini?

Sasa niseme kwa nini. Msidhani ni uoga wa mama asiyesoma tu.

Baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa mjuzi wa abjadi. Babu zetu waliingia nchi hii na biashara za pwani, na pamoja na vitambaa na chumvi walikuja na hilo. Alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne, hadi mwisho. Kila herufi na namba yake. Mtu akija na shida, baba mdogo alimwuliza mambo mawili tu: jina lako, na jina la mama yako. La baba hakulitaka. Baba ana shaka, mama hana. Akazijumlisha herufi zote, akatoa kumi na mbili, kumi na mbili, akaangalia kilichobaki. Kisha akachora vyumba vidogo kwenye karatasi, akavijaza namba, ikashonwa ndani ya ngozi.

Wengi aliwasaidia, siwezi kumsingizia. Lakini nikiwa msichana alikuja mwanamke na jina la mke mwenzake, na jina la mama wa mke mwenzake. Baba mdogo alijumlisha. Mimi nilishika kidau cha wino. Arobaini haikwisha, yule mke mwenza akatoka nje mvuani hana nguo, anazungumza na kuta, na akili yake haikumrudia tena. Mtaniambia ni maradhi. Inawezekana. Mimi nilishika kidau.

Tangu siku ile nilijua: jina likishageuzwa namba, mwenye jina hana mlango wa kufunga. Na kuna jingine ambalo wa rika langu hatuhitaji kuelezwa. Tumewahi kuona majina yetu, na ya waliokuja kuuawa, yakinakiliwa kwenye karatasi na watu wapole, wenye mwandiko mzuri.

Mwalimu alikuwa mpole. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana.

Na yeye alikuwa na kinyume chake, ambacho sikukielewa. Mtu huyu aliyekuwa hana wasiwasi na mashine yoyote aliogopa daftari likiwa mkononi mwa mtu mwingine. Kiongozi wa mtaa alipopita kuandika wakazi, kijana mzuri tu, anatabasamu, Mwalimu alijimwagia chai shatini. Jina lake alilitaja kwa sauti ya chini, anatazama ardhi, na yule kijana alipokwenda, akaingia ndani na hakutoka hadi kesho. Nikasema moyoni: aha. Anayeogopa kuandikwa ana lake. Niliona hofu ile nikaiita hatia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa namsoma.

Lake alikuwa nalo, lakini ni daftari. Jeusi, gumu, la zamani. Kila Jumapili mchana aliketi kizingitini na kalamu ya wino wa chupa, kama makarani waliosomeshwa na masista, akaandika. Nikipita na nguo za kuanika nilichungulia. Hakuna herufi hata moja. Namba, mistari na mistari, ukurasa baada ya ukurasa. Wala hakulificha. Hilo likanitisha zaidi. Asiyeficha kitu anajua kwamba huwezi kukisoma.

"Mwalimu, hiyo ni hesabu ya nini?"

"Si hesabu, mama. Iko watu."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Niliingia ndani nikakaa kitandani, na nguo zikabaki kwenye beseni hadi zikanuka.

Zaina ni mtoto wa Hadija wangu. Mama yake alifariki yeye hajaota meno. Nimemlea kwa maziwa ya kopo na kwa cherehani, na sina mwingine, mbele wala nyuma. Alipotimiza miaka kumi na moja akanisumbua aende darasa la Mwalimu. Nikakataa. Akasusa chakula. Nikasema nenda, lakini ukae karibu na mlango.

Alirudi anafundisha nyumba nzima. Mashine zilikuwa chache, kwa hiyo Mwalimu aliwachorea vitufe kwenye maboksi, watoto wakabonyeza karatasi. Kisha akawapa maharage wayahesabu, herufi moja sitini na tano, nyingine sabini, wapate kuona herufi ina uzito gani. Zaina akapika namba, akafagia namba. Nikavumilia.

Halafu siku ya Jumatatu nikakuta karatasi chini ya mto wake. Mistari miwili:

90 65 73 78 65
72 65 68 73 74 65

"Hii nini?"

"Ni kazi ya Mwalimu, bibi." Alikuwa amelala, macho mekundu, nikadhani ni usingizi. "Huu mstari ni jina langu. Na huu ni jina la mama. Alisema kila mtu aandike jina lake na jina la mama yake."

Katika majina yote ya dunia, aliomba hayo mawili.

Nikamgusa paji la uso. Lilikuwa linawaka.

Yeyote mwenye akili angesema malaria, mvua zilikuwa zimetoka kukatika na bonde limejaa mbu. Mimi sikusema malaria. Siku mbili nilimfungia ndani, nikamsomea Ayatul Kursiyyu, nikamfukiza udi, nikamnywesha kombe nililoandika mwenyewe kwa zafarani. Joto likapanda. Jumatano asubuhi akaanza kumwita mama yake kana kwamba yuko chumbani. Mwalimu akaja mlangoni.

"Mama Hadija, mtoto hajaja darasani. Iko mgonjwa?"

"Ondoka hapo."

"Mama, nimemsikia. Hiyo si homa ya kukaa nayo. Twende kituo cha afya."

"Nimesema ondoka mlangoni pangu! Ulitaka jina lake, umelipata. Unataka nini tena?"

Alinitazama. Sidhani kama alielewa. Akageuka akashuka ngazi mbio, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia.

Mimi nikajua la kufanya. Ufunguo wa akiba ninao. Nikaingia chumbani kwake: kitanda, ndoo, shati moja msumarini. Daftari lilikuwa chini ya godoro. Nililichukua kwa ncha za vidole. Maandishi mabaya hutolewa kwa maji, nilivyofundishwa. Nikajaza beseni, nikatia chumvi konzi tatu, nikalizamisha. Ukurasa baada ya ukurasa, nikisugua kwa kiganja kama kola ya shati. Maji yakawa ya bluu. Nilikuwa namtoa Zaina humo. Na watoto wengine wa mtaa, nilidhani wamo.

Nilipolisimamisha likauke nyuma ya choo, nikasikia hatua. Mwalimu alirudi na mama mshauri wa afya wa mtaa, amemvuta kutoka shambani, ana matope hadi magotini. Yule mama alimdunga Zaina kidole, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Malaria. Imepanda sana. Umemkalisha siku ngapi, mukecuru?"

Mukecuru ni bibi kizee, kwa lugha ya hapa. Mwalimu alikwisha kuinama, akamweka mtoto mgongoni, akashuka ngazi zile zote hadi barabarani kulikokuwa na gari. Mimi nyuma yake na kanga ya Zaina mkononi. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, na mtoto kichwa kinaning'inia begani pake, na bado nilikuwa nikisema kimoyomoyo, Mola, mtoe mikononi mwa huyu.

Zaina alipona. Alilazwa siku tano. Daktari alisema siku moja zaidi nyumbani ingetosha kummaliza. Alisema bila kunitazama.

Siku ya sita nilichukua ile karatasi ya mistari miwili nikaenda Muhima. Sikwenda kibanda cha Mwalimu, nilikwenda kingine, kwa msichana nisiyemjua na asiyenijua, anatafuna bazoka.

"Binti, nisomee hii."

Akaitazama. "Hizi iko namba za herufi. Nani amekupa, mukecuru?"

"Nisomee."

Akaziingiza moja moja. "Iko majina mawili. Zaina. Na Hadija."

Nilishika kiti. Miaka kumi jina lile hakuna mgeni aliyelitaja akiwa na maana ya binti yangu mwenyewe. "Unamjua Hadija?"

"Oya, hapana, nitamjulia wapi? Namba ndizo zimesema."

"Ligeuze tena."

Akaandika Hadija, zikatoka namba. Akaandika namba, akatoka Hadija. Nikamwambia tena. Mara ya tatu watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika, mmoja akasema, "Mukecuru, hiyo si televisheni." Sikumjali.

"Na linarudi hivyo hivyo? Halipungui?"

"Kila mara linarudi. Ndiyo kazi yake, sha."

Nilirudi kwa miguu, na njiani ndipo nilipoona. Baba mdogo alikuwa anajumlisha. Ukishajumlisha unapata lundo, na kwenye lundo humjui tena aliyeingia. Majina elfu yanaweza kuwa na lundo moja. Lile halirudi. La Mwalimu kila herufi imekaa kwenye kiti chake, haimezwi na mwenzake, na ukiiita inainuka. Halikuwa shimo la kutupia watu. Lilikuwa mahali pa kuwaweka.

Iko watu, alikuwa ameniambia.

Nilikaza mwendo. Nilipofika, chumba kilikuwa kimefagiwa, ufunguo uko dirishani. Daftari halikuwapo nyuma ya choo. Jirani akasema Mwalimu amehamia Masaka, pembezoni mwa mji, kuna mtu amempa nyumba na kishamba.

Hofu haikuisha, iligeuka upande tu. Mwanzo niliogopa atakachonifanyia, sasa nikaogopa nilichomfanyia. Miaka minne sikwenda. Nilijipa sababu: cherehani, magoti, Ramadhani. Zaina, ambaye sasa yuko sekondari na kompyuta ndilo somo analolipenda, alinisoma kwa muda mrefu, halafu siku moja akasema, "Bibi, nimesikia Mwalimu haoni vizuri. Na anasahau."

Ijumaa hiyo baada ya sala nikapanda moto, pikipiki ya abiria. Dereva akanivalisha kofia juu ya ushungi akasema, "Mukecuru, nishike, usinikabe." Nilimkaba hadi Masaka.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye benchi, mbele ya maharage yaliyokuwa yamesimikiwa miti. Shati limefungwa hadi shingoni. Macho yalikuwa na ukungu. Akasimama kabisa, ndipo akaitika salamu.

"Mama Hadija. Sauti nimeijua."

"Nimekuja kutaka radhi."

"Ya nini?"

"Daftari lako. Nililiosha mimi."

"Najua. Lilikuwa na chumvi." "Nililamba. Kwanza nilifikiri kuna mtu alililia."

"Sikulia. Nilitia chumvi."

"Yego," akasema. Ndiyo.

Ikabidi niulize mwenyewe. Akaniambia walikuwa watu wake. Mama yake, ndugu zake, mkewe, watoto, majirani wa kilima kizima waliokuwa hawana tena wa kuwaandika. Aliwaandika kwa namba kwa sababu jina likisomeka, mtu anaweza kulichukua. "Namba, mpita njia anaziacha." Alisema hivyo, na mimi nikaona kwamba tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, yeye nyuma ya mlango wake na mimi nyuma ya wangu.

"Waandike upya."

"Mstari siuoni, mama. Na huku ndani," akagusa paji lake, "inatoka. Kila wiki inatoka kidogo. Namba zilikaa kuliko majina. Sasa na zenyewe zinatoka."

"Kalamu iko wapi?"

"Utaandika wewe?"

"Herufi zangu ni za kukokota. Namba nimeandika miaka arobaini."

Akaniletea daftari la shule la mtoto wa jirani. Akafumba macho. Akaanza, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na mimi nikaandika, sikuuliza nani ni nani. Ukaisha mstari wa kwanza, ukaisha wa pili. Wa tatu akasema, "Sabini na saba. Sitini na tano. Themanini na mbili." Akaishia hapo.

Nilisubiri. Kuku alipita kati yetu. Vidole vyake vilianza kutafuta kitu juu ya goti.

"Iko nyingine mbele," akasema.

"Najua. Nangoja."

Ile ya nne haikuja. Nilimwona akiogopa, mtu mzima, akiogopa kama mtoto aliyeachwa sokoni, na hakukuwa na Aya wala beseni la kumsaidia. Nikaacha nafasi nikamwambia tuendelee na mwingine.

Tangu hapo naenda kila Ijumaa, na njia nzima naogopa. Kuna siku anatoa majina matano. Kuna siku namba mbili. Zaina aliomba alione daftari ayasome. Nikamwambia si yake, na si yangu. Ijumaa iliyopita Mwalimu hakunijua kabisa. Aliniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia sikutumwa, nimekuja kuandika. Akanitazama kwa muda na yale macho ya ukungu, akasogea pembeni kwenye benchi, akanipa nafasi.